Stori za Mapenzi za Mfululizo: Mhariri Huangalia Nini Kabla Aseme "Leta Episodi Ingine"

Uko ndani ya mathree pale Voi, unaenda Wundanyi. Haijajaa. Makanga anaita "wawili wa mwisho" kwa dakika ishirini sasa. Manzi ameketi kando yako ameinamia simu, anacheka peke yake, halafu ghafla anasonya. Ukichungulia (usichungulie, lakini tunajua utachungulia) utaona ni stori ya mapenzi kwa grupu ya WhatsApp. Episodi ya 23. Imekatiwa pale chali anapiga magoti na simu ya manzi inaanza kulia. Ukitaka episodi ya 24, unatuma ganji kwanza.

Hio ndio biashara tunaongelea leo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, na tangu hapo nimekula kupitia maneno. Mchana naandika vitu kama hivi, jioni nahariri stori za mapenzi za wasee wa Voi, Mwatate na Taveta. Kila wiki kuna mtu ananiuliza: "Niandike aje ndio nilipwe?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo nimeweka yote hapa. Save, utarudi.

Hii kitu ni nini haswa?

Riwaya ya mapenzi ya mfululizo ni hadithi inayotoka kama sehemu ya safu. Msomaji hanunui kitabu kimoja tu, ananunua ahadi: nikirudi wiki ijayo ama mwezi ujao, nitapata ladha ile ile.

Wakubwa wa hii mchezo ni Mills & Boon. Ilianzishwa London mwaka wa 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, na mwanzoni ilichapisha vitabu vya kila aina. Baadaye ndio iligundua kuwa mapenzi ndio yanalipa rent. Huko Kanada, Harlequin ilianza 1949 mjini Winnipeg, ikaanza kuchapisha tena vitabu vya Mills & Boon, na mwaka wa 1971 ikainunua kabisa. Mwaka wa 2014 Harlequin nayo ikanunuliwa ikawa chini ya HarperCollins. Muulize auntie yako aliyesoma shule ya bweni. Atakuambia venye hivyo vitabu vilizunguka dormi vikiwa vimevalishwa kava ya Biology.

Siri yao si maneno matamu. Siri ni mpangilio. Kuna safu ya madaktari, safu ya zamani za kale, safu ya matajiri wenye ndege. Kila safu ina urefu wake. Zile za matajiri huwa kama maneno 50,000, za kihistoria zinapita 70,000. Vitabu vipya vinatoka kila mwezi, vya mwezi uliopita vinatolewa kwa shelfu. Mwandishi anajua kabla aanze kuandika: urefu ni huu, joto ni hili, mwisho ni wa furaha.

Mfululizo unaweza kuujenga kwa njia tatu. Chagua moja mapema:

Ya kwanza, wapenzi wale wale kutoka episodi ya 1 hadi ya mwisho. Hii ndio ya WhatsApp.

Ya pili, mahali pamoja ama familia moja, lakini kila kitabu kina wapenzi wake. Dada mkubwa kitabu cha kwanza, dada wa pili kitabu cha pili, yule kaka mkorofi kila mtu anamngoja kitabu cha tatu.

Ya tatu, safu ya ladha. Watu tofauti, mahali tofauti, lakini aina moja ya stori.

Wengi huanza na ya kwanza, halafu ikipendwa wanaivuta kama chapati hadi inararuka. Ukiona episodi ya 90 na mama mkwe amepoteza kumbukumbu mara ya tatu, ujue mwandishi alikosa plan.

Kwetu ilianza lini?

Kuna wasee hudhani stori za mapenzi zimeletwa na simu. Zii. Miaka ya 70, Nairobi ilikuwa inawaka na hivi vitabu. David Maillu aliona wachapishaji wanazunguka, akaanzisha kampuni yake, Comb Books, akatoa *Unfit for Human Consumption* (1973) na *After 4.30* (1974). Vilikuwa vidogo, vya kutoshea mfukoni, na viliuzwa kama njugu. Vilikuwa moto pia, hadi Tanzania ikavipiga marufuku mwaka wa 1976.

Heinemann ya Nairobi ikaona soko, na mwaka wa 1975 ikaanzisha safu ya Spear Books. Hapo ndio kulitoka *Sugar Daddy's Lover* ya Rosemarie Owino na *Lover in the Sky* ya Sam Kahiga. Macmillan nao wakaja na safu ya Pacesetters, na mwaka wa 1980 Maillu akawaandikia *For Mbatha and Rabeka*: mwalimu wa kijijini, mchumba wake, na chali wa Nairobi mwenye doo. Maneno ya miaka zaidi ya arobaini, lakini si hio ndio stori umeona kwa statasi ya mtu juzi?

Tanzania, Eric Shigongo alijenga wasomaji kwa kutoa riwaya zake vipande vipande kwenye magazeti ya Global Publishers. Unanunua gazeti, unasoma kipande, unakatiwa penye utamu, unarudi wiki ijayo. WhatsApp imebadilisha tu karatasi.

Na Kano, kaskazini mwa Nigeria, kuna *littattafan soyayya*, vijitabu vya mapenzi vya Kihausa, vingi vimeandikwa na wanawake na kuuzwa sokoni. Mmoja wao, Balaraba Ramat Yakubu, kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa India mwaka wa 2012. Hakungoja mtu wa mbali amwambie lugha yake inauza.

Mhariri anasoma akitafuta nini?

Sasa tuingie jikoni. Ukinitumia stori, haya ndio maswali niko nayo kwa kichwa.

*Ni nini kinawazuia?* Hili ndio swali la kwanza na la mwisho. Kama wawili wanapendana, wako single, wana kazi na wazazi wamekubali, hio ni harusi, si riwaya. Na kizuizi kisiwe kitu cha kumalizwa na simu moja. "Alimwona na manzi mwingine, kumbe ni sista yake" inaweza kubeba episodi moja, haiwezi kubeba arobaini. Kizuizi poa kiko ndani ya mtu na nje yake pia. Mfano: manzi wa Sagalla amepoteza shamba mara mbili juu ya ndovu, na chali anayempenda ni ranger wa kulinda hao hao ndovu. Hakuna mbaya hapo. Wote wako na haki. Sasa msomaji atalala saa ngapi?

*Wanakutana episodi ya ngapi?* Ikiwa ni ya 5, nimeshatoka. Kwa kitabu, wakutane sura ya kwanza. Kwa simu, wakutane kabla msomaji ascroll mara tatu.

*Kila mmoja anataka nini kando na mapenzi?* Manzi anataka kumaliza kozi. Chali anataka kukomboa pikipiki kwa shylock. Mtu asiyetaka chochote ila kupendwa anachosha hata kwa stori.

*Unakatia wapi?* Usikate mahali popote tu ndio watu walipe. Kata kwa uamuzi. "Mlango ulifunguka" ni ujanja wa zamani. "Alishika tiketi ya treni, akaangalia simu, akaizima" inamfanya msomaji ajiulize yeye angefanya nini.

*Mwisho unalipa deni?* Hapa nilichomeka vibaya. Stori yangu ya kwanza kuhariri, mwandishi alitaka kumuua chali kwa ajali ya Mackinnon Road episodi ya 30, "ndio ikue real". Nikakubali, nikidhani tunafanya kitu kikubwa. Usiku huo grupu ilikuwa matanga. Wasomaji walitaka pesa zao, na mama mmoja akaandika: "Shida ziko kwangu za kutosha, nilikuja hapa kupumzika." Alikuwa sahihi. Stori ya huzuni si mbaya, lakini sisi tulikuwa tumeuza kitu kingine. Ukiahidi mapenzi, mwishowe hawa watu wawe pamoja ama wawe na tumaini la kweli. Msomaji anajua watafika. Anacholipia ni kuona wamefika aje.

Daftari la mfululizo

Hii ndio kazi haionekani, na ndio inaokoa mfululizo. Chukua daftari la shilingi hamsini. Andika kila mhusika: jina, miaka, kwao, kazi, simu gani anatumia, anamwita mama yake aje, alama ya mwili, siri yake. Andika tarehe za stori pia. Nimewahi kuhariri stori ambayo mimba ilikaa miezi kumi na nne. Nyingine, baba alizikwa episodi ya 6 akapokea mahari episodi ya 38. Msomaji wa mfululizo hasahau. Atakupiga skrinshoti.

Voi si background ya picha

Wasee wengi wa huku huandika stori iko Kilimani, kwa penthouse hawajawahi kuona. Matokeo ni sofa nyeupe na "mandhari ya kuvutia". Kaka, dada, uko na dhahabu hapa nyumbani.

Fikiria tu. Voi ni mji wa kupita: lori za Mombasa Road zinalala, treni ya SGR inasimama tangu 2017, watu wanashuka usiku bila kujulikana. Kwa mapenzi, hio ni mali safi. Ukipanda Wundanyi, jua la Voi linageuka ukungu na sweta. Ukienda Taveta, ni kama kilomita 110, unafika mpakani, soko limejaa ndizi na Watanzania, Ziwa Chala liko juu huko na Ziwa Jipe limegawanywa na mpaka. Wapenzi wawili, nchi mbili, ziwa moja. Mwatate kuna mashamba ya mkonge. Huko chini kuna wachimbaji wa tsavorite, lile jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo, na mtu anaweza kulala maskini akaamka tajiri, ama asiamke kabisa. Sagalla kuna wakulima wamezungusha shamba na mizinga ya nyuki juu ndovu huogopa nyuki. Manzi anayerina asali kwa hio fensi ana kazi, ana hatari na ana utamu. Nimekupea bure.

Lakini usijaze kama tour guide. Weka kitu kinachofanya kazi kwa stori. Kama ngoma ya mwazindika inapigwa, iwe imebadilisha kitu kati yao. Kama nyanya anasema "kwawuka" asubuhi, venye chali wa Nairobi anajibu itatuambia kama atakaa.

Penye siendi

Kuna stori nakataa hata ulipe mara mbili. Ya kwanza, mapenzi ya mtu mzima na msichana wa shule. Wengine huniambia, "lakini hio inatendeka." Najua inatendeka. Nimesoma na wasichana walioacha shule form two. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 iko wazi kuwa mtoto chini ya miaka 18 hawezi kukubali, na mimi siwezi kupamba hio kitu na maua. Ukitaka kuiandika, iandike kama uhalifu, kwa stori ingine.

Ya pili, "hapana" inayogeuka "ndiyo" juu chali amelazimisha. Riwaya za zamani zilijaa hio. Jaribu hivi: muache manzi amtake waziwazi na bado asite kwa sababu yake mwenyewe. Joto linapanda, na hakuna mtu ameumizwa.

Ganji na mkataba: soma hapa mara mbili

Nilipoacha chuo, niliandika episodi arobaini za stori ya mtu aliyekuwa na ukurasa mkubwa. Tulipatana kwa simu. Stori ilipopendwa, jina langu likatolewa, na nilipouliza pesa nikaambiwa "ulikuwa unajifunza". Sikuwa na karatasi, hata meseji moja. Hio ilikuwa karo yangu, na ndio maana hii sehemu naandika nikiwa serious.

Hakimiliki. Kwa sheria ya Kenya, ya 2001, kazi yako ni yako mara tu umeiandika. Huhitaji kusajili ndio iwe yako. Lakini unaweza kuisajili na KECOBO, na hio inasaidia siku ya kuthibitisha. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Watoto wako watakula, kama hukuiuza kwa elfu mbili.

Kama unadhani natisha, angalia Fadhili William, mtu wa hapa hapa, jina lake la mwisho likiwa Mdawida. Alirekodi *Malaika* miaka ya 60, wimbo wa chali anayependa lakini hana mahari. Ukazunguka dunia, ukaimbwa na majina makubwa. Na hadi leo watu wanabishana nani aliutunga, wengine wakimtaja Adam Salim. Wimbo wa mapenzi maarufu zaidi Afrika Mashariki, na ubishi wake ni wa nani alikuwa wa kwanza. Weka tarehe kwa kazi yako. Jitumie kwa barua pepe. Hifadhi rasimu.

Mkataba. Usisaini unaosema "haki zote, milele, kwa njia zote". Uliza: ni kitabu tu, ama na sauti, filamu na tafsiri? Ni kwa miaka mingapi? Wahusika ni wa nani nikitaka kuandika kitabu cha pili? Kwa mfululizo, hili la mwisho ndio kubwa kuliko yote.

Mrabaha. Ukiambiwa asilimia 10, uliza: asilimia 10 ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa 500 dukani, na mwenye duka anakichukua kwa 350. Asilimia 10 ya 500 ni 50 bob. Ya 350 ni 35. Kwa nakala elfu moja, tofauti ni thao kumi na tano. Si huku tu: mwaka wa 2012 waandishi waliishtaki Harlequin kuhusu mrabaha wa vitabu vya dijitali, wakisema asilimia yao ilihesabiwa kutoka kwa kiasi kidogo. Ikaisha kwa maelewano, lakini swali lilikuwa hilo hilo.

ISBN. Ukitaka kitabu kiingie duka na maktaba, namba unaipata kupitia huduma ya maktaba ya taifa, KNLS. Ukiuza episodi kwa simu, hauihitaji bado.

WhatsApp. Mpangilio unaofanya kazi kwa wale nahariri: episodi tano za bure, halafu pakiti ya kumi kwa soo. Wasomaji hamsini wakilipa, hio ni 5,000 kwa pakiti. Haitakununulia gari. Italipa keja ya Voi na bando. Watu wata-forward, hauwezi kuzuia kabisa. Weka jina lako na namba ya kulipia ndani ya kila episodi, katikati, si mwisho, ndio hata ikiibiwa ikutangaze.

Jinsi ya kuanza wiki hii

Andika kwa sentensi mbili: nani, nani, na nini kinawazuia. Nionyeshe mtu kwa mathree. Akiuliza "halafu?", uko na stori. Akisema "poa sana", bado.

Halafu andika episodi kumi kabla uposti hata moja. Kumi, msee wangu. Wengi hufa episodi ya nne juu walianza kuuza kabla ya kuandika. Maneno 800 hadi 1,000 kila moja yanatosha. Soma kwa sauti. Mpe mtu mmoja asiyekupenda sana asome.

Na kabla umpe mtu yeyote kazi yako aposti, mtumie meseji moja: jina la stori, nani ameandika, nani analipwa ngapi, lini. Akijibu "sawa", piga skrinshoti uiweke poa. Akikuambia "si tunaaminiana", huyo ndio yule wangu wa episodi arobaini.